Sensa ya sukari kubanduka kabla ya siku zake: tuongee gundi, jasho na ngozi

MamaWaRaskazone

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa wenzangu wenye kisukari, hasa wazazi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza (taipu wani), wanaotumia sensa, vile vifaa vya kubandika mwilini vinavyosoma sukari muda wote, Libre, Dexcom na nyinginezo, pamoja na wale wachache wenye pampu ya insulini. Sitaki tubishane ipi bora. Nataka tuongee kitu kimoja ambacho kwenye magrupu ya WhatsApp haipiti wiki bila mtu kukililia, sensa kubanduka kabla ya siku zake.

Mtu kajinyima, kaagizia kwa ndugu aliyeko Dubai au Afrika Kusini, kasubiri mzigo mpaka kachoka, kavaa Jumatatu, Alhamisi inaning'inia. Libre 2 imetengenezwa ikae siku 14, Dexcom G7 siku 10 na masaa 12 ya nyongeza. Ikitoka siku ya tatu, siku zote zilizobaki zimeondoka na hela yake, maana kale kauzi ka kama milimita 5 kanakoingia chini ya ngozi kakishachomoka hakarudishwi. Na wengi wetu huku hakuna bima inayotulipia, kila sensa inatoka mfukoni. Ndo maana roho inaniuma nikiona mtu anaipoteza kwa vitu ambavyo vilikuwa vinazuilika kabla hata hajafungua boksi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Shida mara nyingi haiko kwenye plasta ya juu, iko kwenye ngozi ya chini. Watu wanarundika matepu juu ya gundi ambayo haikushika tangu mwanzo, ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye masizi, utarudia makoti mpaka uchoke na bado itabambuka.

Hii gundi inashika kwa kubanwa. Ukiiweka tu leo haijafika nguvu yake, inaendelea kukolea masaa kadhaa ikipata joto la mwili na kujipenyeza kwenye vimistari vya ngozi. Kwahiyo masaa ya mwanzo ndo yanaamua kama itamaliza siku zake au la. Ikikutana na mafuta, jasho au vinyweleo kwenye hayo masaa, basi tena.

Sasa sisi watu wa Pwani mafuta ndo maisha yetu. Mtoto akitoka kuoga lazima apakwe, mafuta ya nazi, Vaseline, losheni, ngozi ing'ae. Mimi wangu siku ya kuvaa sensa mpya mkono ule haupakwi kitu tangu asubuhi. Miguu, uso, mkono wa pili paka unavyotaka. Na ukishampaka miguu nawa mikono yako kwa sabuni kabla hujamshika bega, maana mafuta yanahamia huko kwa vidole vyako. Sabuni nayo iangalie, hizi zinazojisifu zinalainisha ngozi zinaacha utando. Chukua sabuni ya kipande ya kawaida isiyo na krimu.

Halafu spiriti, hapa naomba mnisome taratibu. Ile spiriti ya chupa ya kusafishia vidonda, ya fomula ya Kiingereza yenye herufi BP, ndani ina mafuta ya nyonyo, yamewekwa makusudi ili isikaushe ngozi. Pombe inaruka, mafuta yanabaki pale pale unapotaka kubandika. Sanitaiza za mikono nazo nyingi zina gliserini, hadithi ni ile ile. Tumia zile swabu ndogo zilizofungwa moja moja kwenye karatasi ya fedha, zenye pombe ya isopropili 70%. Bei yake ndogo na famasi zinapatikana. Futa, acha ikauke yenyewe, usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Wangu namvalisha usiku baada ya isha, kashaoga muda, kashamaliza kukimbia. Namkalisha mbele ya feni mkono umekunjwa kifuani, vest imevuliwa, mpaka nikipitisha mgongo wa kidole nyuma ya mkono wake nisihisi ubichi wowote. Kwa joto la Tanga la Februari hapo unaweza kusubiri sana na nakwambia subiri. Kama mkono una vinyweleo vingi vinyolewe, ila jana yake, sio dakika hiyo, wembe unaacha michubuko na spiriti itamchoma. Baada ya kuchomeka naweka kiganja changu juu ya sensa nakaa nacho tunaongea habari za shule, alafu napitisha kidole pembeni kuzunguka mduara wote kubonyeza ukingo. Kila ukingo. Ukichungulia kwa karibu utaona ukingo ulioshika umelala na rangi ya ngozi inapenya kwenye kitambaa, ambao haujashika unabaki mweupe na una kihewa chini. Huo mweupe ndo utakaoanza kukusanya vumbi na manyuzi ya sweta, utaona unafanya kamstari keusi kuzunguka, halafu unajikunja.

Usiku ule haogi tena mpaka kesho. Na kesho yake akioga, dodoki halifiki pale. Hili la dodoki nalisisitiza kwa sababu akina bibi wanaogesha wajukuu kwa nguvu zote, waelezwe kwa heshima, waonyeshwe kabisa pa kuruka.

Sehemu ya kuweka: Libre ni nyuma ya mkono wa juu, ndo ilipoidhinishwa. Mwambie akunje mkono na kuunyoosha uone pale ngozi isipojikunja, pawe tambarare, mbali na kovu, baka na mahali anapochoma insulini. Sio karibu na kwapa, jasho linashuka. Kama mtoto analalia ubavu mmoja weka mkono wa pili, sensa ikilaliwa inaweza kusoma sukari iko chini wakati haiko chini, utaamshwa na alamu usiku umpe juisi bure. Ukiwa na wasiwasi choma kidole kwanza uhakikishe.

Kwa wanaojiuliza kuhusu kutawadha: maji ya udhu yanaishia kwenye kiwiko, sensa iko juu yake, haina tatizo. Ukishamaliza kaushia tu kwa kugusisha taulo, usisugue.

Karibuni, kila mtu aweke kinachomfaa na mazingira yake.

KijanaWaLikoni

Dadangu umenena. Mimi nipo Mombasa, taipu wani tangu nikiwa darasa la nne, na kazi yangu ni ya kubeba na kupanda, kwa hivyo mie jasho silikwepi hata nikivaa usiku. Niongeze upande wa tepu, kwa sababu mimi bila tepu ya juu sifiki popote.

Tepu yangu ni Hypafix, ile nyeupe ya kitambaa wanayofungia vidonda hospitalini, iko na karatasi nyuma yenye mistari. Famasi kubwa utaipata. Naikata duara, sio mraba, kwa maana pembe ndizo huanza kunasa kwenye mkono wa shati. Kama ushakata mraba basi zungushia makasi zile kona nne ziwe za mviringo. Katikati natoboa tundu la kutosha sensa yenyewe ipite, ili tepu ishike kile kitambaa cha pembeni pamoja na ngozi, isikae juu ya plastiki. Zile Libre ziko na kitundu kidogo katikati, hicho kiacheni wazi, msikizibe. Tepu kukaa juu ya kitambaa haizuii simu kusoma, hilo msiogope.

Na ubandike bila kuvuta. Watu huivuta tepu wakidhani itakaza, kumbe ukiivuta inataka kurudi, inakokota ngozi, jioni unaona imejikunja na chini kumewasha. Zile tepu za rangi za wanamichezo nazo nzuri, zinanyumbuka, ila ncha zake uzilaze bila kuvuta hata kidogo, kisha usugue kwa kiganja zipate joto.

La muhimu: tepu iwekwe siku ya kwanza, ngozi ikiwa kavu. Usingoje hadi ukingo uanze kuinuka ndio ukumbuke tepu. Hapo chini kushaingia mchanga na jasho, unafungia uchafu tu.

Baharini je? Libre 2 imeandikwa inastahimili maji hadi mita 1 kwa dakika 30. Kuogelea kawaida pale ufuoni haina neno, kupiga mbizi ndio hapana. Nikitoka majini namwagia maji baridi nitoe chumvi, nagusisha taulo, nakaa upeponi. Kilichonitolea sensa nyingi zaidi si bahari, ni fremu za milango na kamba ya begi. Sasa begi nalibeba bega la upande wa pili, na kwenye matatu nakaa upande ambao mkono wenye sensa hauko kwenye njia ya watu kupita.

Nesi_Mstaafu

Nimesoma kwa furaha. Nimefanya kazi wodi ya watoto na kliniki ya kisukari Morogoro miaka mingi, nataka kusemea ngozi kwa sababu naona mnaongea kushikisha tu, hamjaongea kubandua.

Ngozi ya mtoto ni laini, ya mzee ni nyembamba zaidi. Ukiing'oa plasta kwa mkupuo unaondoka na tabaka la juu la ngozi. Mahali hapo patakuwa pabichi, na pakiwa pabichi sensa ya mara ijayo haitashika pale hata ufanyeje, na vijidudu vinapata mlango. Kwahiyo anayebandua vibaya leo anajiharibia sensa ya mbele.

Chukua mafuta ya nazi au mafuta ya mtoto, paka ukingoni, acha yaingie chini taratibu. Hapa sasa mafuta ni rafiki. Anza na kona moja, ikunje plasta ijilalie juu ya yenyewe kuelekea nyuma, usiivute kwenda juu hewani. Mkono wa pili unabonyeza ngozi iliyo mbele ya plasta, unaisukuma ngozi mbali na plasta. Haraka haina kazi hapa. Ukishamaliza osha kwa sabuni mafuta na gundi viondoke, uiache ngozi ipumue, sensa mpya iende mkono mwingine.

Naomba sana msitumie supaglu. Wapo wanaotumia, nimewaona. Ile inapata moto inapoganda, inaunguza ngozi, na ukibandua inatoka na nyama. Gundi ya viatu vile vile. Kama unahitaji gundi ya ziada ziko zilizotengenezwa kwa ngozi, Skin Tac na Mastisol, zinapakwa duara pale ukingo utakapokaa, unaacha katikati panapochomwa pabaki safi, unasubiri ikauke mpaka ibaki inanatanata tu, ndo unaweka sensa. Tulikuwa pia na tinkcha ya benzoini hospitalini, ile ya kahawia inayonuka ubani, inashika sana, ila baadhi ya watu inawaletea mzio, jaribu kwanza kadoa kadogo ndani ya mkono uangalie siku mbili.

Ukiona pamevimba, pana joto, pana usaha, au wekundu unatanuka kupita ukingo wa plasta, toa sensa uende hospitali. Sio jambo la kusubiri siku 14 ziishe kwa sababu imelipiwa.

BintiMuscat

Shikamoo mama nesi, na wote humu nawasalimu. Mie niko Muscat, kwetu asili Pemba. Joto la huku mnalijua wenyewe, Juni na Julai ukitoka nje tu abaya imeshika mgongo. Naomba niseme kuhusu mzio maana mama nesi kaugusa.

Kuna tofauti baina ya ngozi kukasirika kwa jasho na ngozi kuwa na mzio wa gundi. Jasho linawasha, ukitoa sensa siku mbili kimya. Mzio unakuja taratibu, sensa za mwanzo huenda usione kitu kabisa, halafu moja inakuja na malengelenge yenye umbo la plasta vile vile, duara kamili, na kila unayovaa baada ya hapo inakuja mapema zaidi. Mwaka 2017 madaktari wa ngozi Ubelgiji walichapisha kuhusu wagonjwa wa FreeStyle Libre waliopata mzio wa kemikali inayoitwa isobornyl acrylate, na mwaka 2020 jumuiya ya Marekani ya madaktari wa mzio wa ngozi ikaitangaza kemikali hiyo kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, kwa maana ilionekana kwenye vifaa vingi vya kisukari vya kubandika. Kwa hivyo ukiwa na malengelenge hayo usiambiwe mchafu wala hujui kuoga. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie wazi kuwa unavaa sensa, umuonyeshe na boksi.

Mie nilipoambiwa nina mzio nilipewa njia mbili. Ya kwanza filamu ya kulinda ngozi, ya kupuliza au ya kupaka, Cavilon ni mojawapo, inafanya utando baina ya ngozi na gundi. Ya pili plasta nene ya jeli ya haidrokoloidi, zile za malengelenge ya miguu, unaibandika kwanza kisha sensa juu yake. Ila katikati utoboe tundu kwanza, la sivyo kile kiuzi kinapita kwenye unene wa plasta na ndani hakifiki kina chake. Wengine wanapuliza dawa ya pua ya fluticasone kwenye ngozi na kuiacha ikauke kabla ya kuvaa, inawasaidia, lakini ile ni steroidi, kwa mtoto usianze mwenyewe bila daktari.

Na kwa jasho, diodoranti ya kuzuia jasho isiyo na manukato, ipake pale pale, ikae robo saa, ifute kwa swabu, pakauke, ndipo uvae. Kwa joto la huku imenisaidia kuliko tepu zote. Na akina dada wenzangu wa abaya na baibui, mikono ya kubana ya ndani ndiyo inayokokota sensa, ile ya lasi hasa, inanasa. Vaa ya pamba iliyolegea.

T1_Leeds

Salaam kutoka Uingereza, mimi mzaliwa wa Temeke. Nataka wenye pampu wasome hapa kwa makini kwa sababu kwao kubanduka sio habari ya hela tu.

Sensa ikitoka unapoteza namba, unarudi kwenye kidole. Kanula ya pampu, kale kamrija kanakoingiza insulini chini ya ngozi, ikitoka unapoteza insulini yenyewe. Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake, hakuna ile ya masaa 24 mwilini ya kukushikilia, kwahiyo kanula ikichomoka usiku ketoni, ile asidi inayojaa damuni insulini ikikosekana, zinaanza ndani ya masaa machache na unaweza kuamka unatapika. Mbaya zaidi pampu yenyewe mara nyingi haijui, inaendelea kusukuma, insulini inamwagika kwenye nguo.

Pua yako itakusaidia. Insulini ina harufu ile ya dawa ya hospitali, wote tunaijua. Ukiisikia kwenye shati au ukagusa plasta ya kanula ukakuta mbichi, usibishane nayo, itoe weka nyingine. Vile vile sukari ikipanda bila sababu na dozi ya kushusha haishushi, pima ketoni, choma kwa peni au sirinji, badilisha kanula. Kila mwenye pampu awe na peni yenye insulini nyumbani na kwenye begi, hili halina mjadala.

Kuishikisha ni yale yale ya mama Raskazone, ila pampu ya mrija ina adui wa ziada ambaye ni mrija wenyewe, unanasa kwenye kitasa. Fanya kitanzi. Chukua mrija kidogo pembeni ya kanula, uzungushe kitanzi kidogo, ukibandike kwenye ngozi kwa tepu. Ukivutwa, kinachovutwa kwanza ni kitanzi, kanula inabaki salama. Omnipod, pampu ya kubandika, haina mrija lakini ni nzito kidogo na inakaa siku 3, hiyo izungushie tepu kuanzia mwanzo, na dirisha lake liache wazi uone kanula.

Na kwa walio Ulaya: baridi inakausha ngozi, magamba magamba yanainuka na gundi inaondoka nayo. Jipakeni losheni siku zote nyingine, sehemu ya sensa inayofuata iacheni bila losheni tangu jana yake. Tofauti na Temeke, huku adui ni ukavu.

Baba_Bukavu

Mama, asanti kwa maelezo yenu yote. Miye niko Bukavu, mtoto wangu msichana iko na miaka tisa. Huku kwetu watoto wengi wanapima na vidole tu, na siku zingine hata vipimo vinakosekana. Tantine wake alimutumia sensa moja kutoka Ubelgiji na anasema atatuma ingine mwezi wa sita. Sasa ile moja, nifanye nini ikae mpaka mwisho? Hatuna Hypafix, hatuna ile swabu. Na mtoto anabeba maji ya kidumu kutoka kisimani.

MamaWaRaskazone

Baba Bukavu pole na hongera kwa kumpigania binti. Usijione mnyonge humu, hata Tanzania watoto wengi wanapima kwa vijiti vya kupimia damu ya kidole, wanavyopewa kliniki kupitia miradi kama Changing Diabetes in Children, na wanaishi vizuri. Sensa moja nayo ina faida kubwa ukiitumia vizuri: kwenye hizo wiki mbili andika kila anachokula na saa anayochoma, uone sukari inapanda wapi usiku na mchana, ukirudi kwenye vijiti utakuwa unajua saa zipi za kupima.

Swabu huna, basi sabuni ya kawaida ya kufulia ile ya kipande, maji safi, suuza vizuri sana, kitambaa safi, halafu akae pakauke kabisa. Inatosha. Usitie spiriti usiyoijua. Mvalishe siku ya Ijumaa jioni ili Jumamosi asibebe maji, hayo masaa ya mwanzo gundi ikolee. Sensa iende mkono ambao haubebi kidumu. Kama akipandisha kichwani basi mkono ule unaokishikilia juu ndo usiwe wenyewe, ukiunyanyua mara nyingi ngozi ya nyuma inajikunja na kunyooka na ukingo unachoka.

Kwa ulinzi wa juu, kata soksi safi ya mtoto sehemu ya shingoni, iwe mkanda laini wa kuvaa juu ya sensa wakati wa kazi na mpira, isibane. Ukivua usiku pia sawa. Na wenzake shuleni waambieni ile ni nini, watoto wakishajua hawaibandui, wasipojua wanaichokoa.

Ukingo ukianza kuinuka, usiubonyeze na uchafu wake. Kile kipande kilichoinuka kikate kwa makasi madogo usawa wa pale gundi bado imeshika, taratibu, bila kuivuta sensa. Kisha safisha ngozi iliyo wazi, kausha, ukipata plasta yoyote ya kitambaa weka vipande pembeni. Ikining'inia nusu na namba zinarukaruka au hazifanani na anavyojisikia, usiziamini, pima kidole. Ikitoka yote, ndo imeisha, msiirudishe.

Na boksi msitupe. Piga picha ile namba ya sensa na tarehe. Tantine aliyenunua Ubelgiji anaweza kupiga simu kwa watengenezaji kama sensa imeharibika au imeanguka mapema, kuna nchi wanabadilisha, na wataiuliza hiyo namba.

Baba_Bukavu

Asanti sana mama. Boksi iko hapa. Tutamuvalisha Ijumaa.

KijanaWaLikoni

Baba wa Bukavu, ukipata mtu anakuja Goma au Bukavu kutoka Nairobi mwambie akuletee Hypafix ya upana wa sentimita 10, roli la mita 10. Libre 2 ina upana wa milimita 35, kwa hivyo upana huo unatoa duara lenye nafasi pande zote, na roli moja litawatosha watoto kadhaa wa kliniki yenu. Hata kama hawana sensa itafungia vidonda.

BintiMuscat

Mama Raskazone swali dogo. Mzigo ukija na basi kutoka Dar mpaka Tanga unakaa kwenye buti masaa yote hayo na joto lile. Wewe unafanyaje?

MamaWaRaskazone

Nauomba uje basi la usiku, na anayenitumia anauweka kwenye kiboksi cha stairofomu chenye chupa ya maji baridi iliyofungwa na taulo, sio barafu inayogusa boksi. Joto likizidi lile lililoandikwa kwenye boksi linaweza kuharibu sensa na gundi pia. Ukipokea usiiweke juu ya friji wala kwenye dashibodi ya gari, kabati la chumbani kwenye kivuli linatosha. Na siku ya kuvaa itoe mapema ikae na joto la chumba kama ilikuwa kwenye ubaridi, ikiwa baridi inatoa umande na gundi inaanza na maji.